Jarida Lililolala Kifudifudi

Louisville, 19 Julai 2015

Kwako Shangazi Kostansia,

Shikamoo, na Bwana asifiwe. Mimi ni mzima, kikohozi kimeniacha, na yule paka wa jirani uliyemlaani kwenye simu bado yu hai na amenenepa. Kwaya yetu imeshona sare mpya za rangi ya ndizi mbivu. Tukipanga mstari madhabahuni tunaonekana mkungu mzima.

Kwanza nina kesi na wewe. Tarehe nne nilikupigia simu mara saba. Marekani nzima inachoma nyama na kurusha fataki, wewe hupokei. Ulikuwa wapi?

Pili, kaa kwanza. Umekaa? Shangazi, nimeshika bunduki.

Usiichane barua! Ningekwambia kwa simu, lakini sheria yako naijua: simu ni ya salamu na ya msiba, jambo lililo katikati linaandikwa. Basi naandika, na Samsoni mwanao ataibeba kwenye lori lake mpaka kwake Reynoldsburg, pale Columbus, kisha akipata mzigo wa Buffalo ataifikisha kwako.

Ni hivi. Mirindi, yule Mkongo ninayefunga naye maboksi ghalani, aliokota jarida kwenye chumba cha kulia. Nyuma limeandikwa kwamba klabu fulani ya kulenga shabaha ina Siku ya Familia, wageni wote karibuni, kuku na soseji bure. Mirindi akaniambia, "Bon, Fides, siye tunaenda kukula tu. Mambo ya masasi tunawaachia benyewe, donc."

Tukaenda. Ni mchezo, Shangazi! Kuna mashine imefichwa ndani ya kibanda, inarusha kisahani cha udongo cha rangi ya chungwa, kidogo kuliko kile cha kikombe chako cha chai. Mpigaji akiwa tayari anapaza sauti, "Vuta!" Kisahani kinaruka, anakipasua hewani. Basi. Hakuna mnyama, hakuna adui, na mwisho watu wanapeana mikono kama baada ya ibada.

Mzee mmoja akanipa nijaribu. Tatu za kwanza nilikosa zote. Ndipo nikakukumbuka wewe kwenye lile shamba la mtama kule Kibondo, una jiwe mkononi, mimi na wenzangu tunawinga ndege, unatugombeza: "Usimtupie ndege alipo, mtupie anakokwenda!" Nikafanya hivyo. Nilipasua kumi na tisa kati ya ishirini na tano. Mirindi alisahau kutafuna.

Nakutumia na jarida lenyewe ulione. Linaitwa, kwa lugha yetu, Sahani Hewani.

Mwanao mwenye furaha ya kipumbavu,
Fides


Buffalo, 30 Agosti 2015

Fides binti wa kaka yangu,

Marahaba. Barua yako imekaa Columbus mwezi mzima chini ya kiti cha mtoto kwenye gari la Samsoni, imefika ina alama ya juisi ya zabibu. Pia imefunguliwa. Nimemuuliza Samsoni, akasema gundi za siku hizi hazina nguvu.

Huku tu wazima. Kiwandani Tonawanda wamenitoa kwenye mashine ya vifuniko wakanipeleka kwenye kupanga maboksi, eti kwa ajili ya mgongo wangu. Mgongo haujaona tofauti. Kataliko wa Grant Street amepokea dagaa wapya dukani, lakini anawapima kama dhahabu, na ukimwambia aongeze kidogo anaangalia dari kana kwamba anaomba.

Tarehe nne nilikuwa nafua. Bezimenti, kile chumba cha chini ya nyumba, hakuna mtandao.

Kuhusu lile jambo lako, jibu ni hapana. Sikukubeba mgongoni kuvuka mpaka ili uje ucheze na kitu kile. Usiniambie ni udongo. Kilichopasua udongo kinapasua na vingine.

Jarida nimeliona. Nimesoma picha tu, maana Kiingereza chao kina haraka. Nimelilaza kifudifudi mezani na juu yake nimeweka sufuria ya maharage. Linafaa kwa kazi hiyo.

Rudi kwenye kwaya.

Shangazi yako,
Kostansia


Louisville, 8 Novemba 2015

Shangazi yangu wa sufuria,

Shikamoo! Nimecheka mpaka Mirindi akadhani nimepandishwa cheo. Hapana, sijapandishwa. Habari za huku: sare ya ndizi imechuja rangi, sasa tu ndizi mbichi. Dada Leya wa kwaya amejifungua mtoto wa kike, wamemwita Gloire, ana sauti kubwa kuliko mchungaji. Na mimi, usinipige, nilishiriki mashindano ya wanaoanza nikashika nafasi ya pili. Wa kwanza alikuwa mama mjamzito. Sina malalamiko.

Sasa, Shangazi, ondoa sufuria kidogo. Nataka kukueleza lile jarida, maana nimekutana na mama mhariri wake na nimeanza kuwaelewa hawa watu.

Umeona meno? Ukifunika maneno ukatazama picha peke yake, utaapa ni jarida la waganga wa meno. Kila mtu anacheka. Kila ukurasa una babu na mjukuu, au mama na binti, au mbwa. Hakuna mpigaji anayesimama peke yake, ni mwiko. Majani yamekatwa vizuri kuliko nywele za mchungaji wetu. Bunduki daima imefunguliwa katikati, imelala mkononi kama jembe la mtu anayerudi shambani, na haielekezwi kwa anayesoma, hata siku moja. Neno "silaha" hawalitumii, wanasema "chombo". Kuna ukurasa wa adabu, usiongee mwenzako akiwa analenga. Kuna matangazo ya vizibo vya masikio. Na ukurasa wa arobaini, Shangazi, kuna jinsi ya kupika keki ya maboga!

Nikamuuliza mama mhariri, mbona hivi? Akasema, watu wengi wanatuogopa, na wana sababu, kwa sababu habari za bunduki wanazozisikia nchini humu ni za vilio. Kazi yake ni kuwaonyesha kwamba huku kuna pikiniki. Ana kipimo chake: jarida likilazwa kwenye meza ya daktari wa watoto, mama anayesubiri asiligeuze kifudifudi.

Sikumwambia kuhusu wewe na maharage.

Anakusalimia. Hakujui, lakini anakusalimia, maana nilimweleza ile habari ya ndege wa mtama akaiandika kwenye daftari lake.

Fides


Buffalo, 17 Januari 2016

Fides,

Marahaba. Theluji imefika madirishani. Jirani yangu amepoteza gari lake, yaani liko palepale alipoliegesha, ila hajui ni tuta lipi. Krismasi Samsoni alikuja na mkewe na watoto, wakala mbuzi mzima, kisha wakaniambia nipunguze chumvi kwa ajili ya presha.

Nafasi ya pili nyuma ya mjamzito si kitu cha kuandikia watu.

Silisomi lile jarida. Lakini yule babu wa ukurasa wa kumi na mbili mwambieni afunge kamba za viatu, atamwangukia mjukuu. Na mwanamke wa ukurasa wa thelathini amevaa kofia ndani ya nyumba. Na ile keki ya maboga sukari ni nyingi mno, nimepunguza nusu, tena nimetia tangawizi.

Mhariri wako nimemsikia. Anachagua vizuri cha kuonyesha. Hata mimi wageni wakija naonyesha sebule, stoo naifunga. Ila anayeishi ndani ya nyumba anajua kwamba stoo ipo.

Usimsimulie mtu asiyenijua habari za mashamba yangu.

Kostansia


Louisville, 21 Februari 2016

Shangazi mpishi wa keki,

Shikamoo na hongera! Halisomwi, halisomwi, kumbe limeshaliwa mpaka makombo! Nimemsomea Mirindi barua yako ghalani, akasema, "Huyu mama iko shabiki kuliko weye." Nimekupenda upya.

Leya na mtoto hawajambo. Paka ameingia kwangu moja kwa moja, sina la kufanya.

Sasa jambo lenyewe. Shangazi, wananitaka kwenye jalada! Jalada la mbele la toleo la kiangazi, mimi, Fides, niliyekuwa nachota maji kwa dumu la mafuta ya msaada. Mama mhariri ameipenda sana ile kauli ya ndege. Akaniuliza nani alinifundisha, nikasema shangazi yangu. Akapiga meza: "Basi tunamtaka shangazi." Unakumbuka ule mwiko wao? Hakuna anayesimama peke yake. Mimi na wewe tunasimama pamoja kwenye majani, na kauli yako inaandikwa chini. Picha ni Jumamosi ya tarehe 21 Mei. Ukikosekana, jalada linakwenda kwa babu mmoja na mbwa wake, na mbwa huyo, Shangazi, hata si mzuri.

Jambo moja wanasisitiza: lazima ucheke. Najua itakuwa kazi. Najua wewe picha yako ya mwisho ni ile ya maombi ya kuja Marekani, ambapo walitukataza kuonyesha meno, na tangu siku hiyo umeshika amri.

Njoo. Miaka mitano niko Louisville hujawahi kufika. Kila mwaka nakuja mimi. Kama unanionea haya kwa sababu ya mchezo huu, niandikie wazi, nitaumia kisha nitapona. Lakini usininyamazie.

Fides wako


Buffalo, 20 Machi 2016

Fides,

Marahaba. Goti linauma. Kiwandani wametangaza saa za ziada mpaka Juni. Kitenge changu kizuri kina doa. Basi la kutoka hapa mpaka kwenu linachukua siku nzima na choo chake nimesimuliwa. Picha ni ushahidi, haichekewi. Tena mbwa anafaa kwenye jalada, watu wa huku wanampenda mbwa.

Sikuonei haya. Sijawahi kukuonea haya hata dakika moja.

Siji.

Kostansia


(Nyuma ya karatasi hiyohiyo, kwa kalamu nyekundu)

Reynoldsburg, 3 Aprili 2016

Binamu, ni mimi Samsoni. Ndiyo, nafungua barua zenu, na sitatubu leo. Lori ni langu.

Kuna jambo Mama hatakwambia. Mwaka juzi tarehe nne Julai nilikuwa Buffalo. Fataki zilipoanza nikamtafuta nyumba nzima, nikamkuta bezimenti amekaa sakafuni nyuma ya mashine ya kufulia, mikono kichwani. Akaniambia anafua. Binamu, mashine ilikuwa tupu. Haikuwa hata imechomekwa kwenye umeme.

Anaogopa mlio. Baba yako alipotangulia mbele kuangalia njia, walisikia mlio mmoja tu, na hakurudi. Mama alikulalia wewe kwenye majani mpaka asubuhi. Anaogopa kulala chini mbele ya Wazungu wenye kamera. Ndiyo hilo goti.

Usiseme nimesema.


Louisville, 10 Aprili 2016

Shangazi yangu,

Shikamoo. Samsoni hajaniambia chochote.

Nimefikiri. Nitawaambia wampe babu na mbwa wake. Jalada ni karatasi, mvua moja inaliloanisha. Goti lako lipumzike na kitenge kipumzike.

Nina ombi moja tu badala yake. Tarehe nne Julai mwaka huu naomba nije Buffalo tufue wote. Nina nguo nyingi chafu. Hata kama hazitakuwepo, nitakuja tu, tukae.

Nakupenda. Naandika wazi kwa sababu kwenye simu ungesema mtandao unakata.

Fides


Buffalo, 8 Mei 2016

Fides,

Marahaba. Samsoni ni mwongo tangu tumboni, na hajui kuficha kalamu nyekundu.

Tulia, usitume nguo zako huku. Nakuja. Samsoni atanipitia Alhamisi ya tarehe 19, tutalala kwake Columbus, Ijumaa tutakuwa kwako. Doa kwenye kitenge limetoka kwa ndimu.

Masharti. Moja, paka asikae chumba nitakacholala. Mbili, sitacheka kwa kuamriwa. Tatu, likinitokea la kunitokea, usinione mgonjwa na usiwaite wenye gari la taa nyekundu.

Mtu akikualika mara moja ni adabu. Akikubali usije, basi huyo anakupenda, na inabidi uende. Ndivyo nilivyolelewa.

Kostansia


Louisville, 29 Mei 2016

Shangazi, Shangazi, Shangazi!

Shikamoo! Umeondoka juzi na nyumba imekuwa kubwa. Paka anakutafuta, ukatae ukubali, mlishapatana. Mirindi anauliza kama kuna keki iliyobaki.

Naandika kwa sababu kuna mambo ya siku ile hukuyaona, maana ulikuwa umelala kifudifudi, na Samsoni akikusimulia atatia chumvi. Nikuambie mimi.

Nilipopiga ile ya kwanza na wewe ukaenda chini, nilifungua chombo, nikakilaza kwenye meza yake kama walivyonifundisha, kisha nikaja nikakulalia mgongoni. Sikufikiri. Mwili ulikwenda wenyewe. Mpiga picha, yule mnene, aliweka kamera yake chini kwenye majani na akavua kofia. Hakupiga hata picha moja, nataka ulijue hilo. Mama mhariri alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Na Samsoni mwanao, shujaa wa lori, alikuwa analia kwenye soseji.

Ndipo nikakusikia chini yangu unauliza, "Nani alikuwa kule?"

Nikasema hakuna mtu, Shangazi. Ni kisahani.

"Kule mwisho. Inakoangukia."

Hakuna mtu. Ni majani, na uzio, na nyuma ya uzio kuna kilima cha mchanga.

Nilihisi moyo wako unapiga tumboni kwangu. Kisha ukasema, "Nitolee uzito wako, umenenepa. Waambie warudie."

Ya pili uliitazama umepiga magoti. Ya tatu umesimama na umeshika mkono wa mama mhariri, vidole vyake bado vina alama. Na ya nne! Shangazi, hapo ndipo ulipokuwa umegeuka kuniangalia mimi, hukuona nyuma yako. Nilipasua katikati kabisa, vumbi la chungwa likatanda, na wewe ukapiga vigelegele. Wewe! Mimi sijakusikia ukipiga vigelegele hata kwenye harusi ya Samsoni! Nilikuwa nimesahau kukuambia kwamba mashine ya kituo kile haina mtu wa kubonyeza, ina kipaza sauti, na inarusha kisahani kila inaposikia ukelele. Basi ikakusikia. Ukapiga kigelegele, kikaruka kisahani. Ukashangaa kwa sauti, kikaruka kingine. Ukasema, "Yesu wangu!" vikaruka viwili. Mzee wa klabu anakimbia kuizima anapiga kelele "Acha! Acha!" mashine inamsikia na yeye, inarusha! Visahani kumi na moja, Shangazi, havina mpigaji, vinakwenda zake kama ndege wa mtama waliokosa mwenye shamba. Na wewe unacheka umeinama, umeshika magoti yote mawili, na hakuna hata moja lililokuwa linauma.

Hapo ndipo yule mnene alipookota kamera yake.

Jana mama mhariri alinipigia. Picha ni hiyo, amesema, hawajawahi kupata meno kama yale. Lakini lile sharti lako la kuandika kwamba ulilala chini linamtesa. Anasema jarida lao halijawahi kuchapa kitu cha namna hiyo. Nimemrudishia maneno yako kama nilivyokutafsiria siku ile, neno kwa neno: anayetaka kicheko changu achukue na kulala kwangu, la sivyo anirudishie picha. Akauliza, na kipimo changu cha meza ya daktari je? Nikamwambia, mama, huyu ndiye aliyelilaza jarida lako kifudifudi akaweka maharage juu. Ukitaka asiligeuze, mwandike yeye mzima.

Akacheka, halafu akasema atafikiri. Sijui ataamuaje. Mimi nimeridhika hata ikiwa mbwa.

Yule uliyemlalia, naye akakulalia,
Fides


Buffalo, 6 Julai 2016

Fides mwanangu, nyota wa karatasi,

Marahaba, marahaba mara mbili. Huku joto, goti ni zima kabisa, na presha wamesema imeshuka, nikawaambia ni tangawizi. Mwambie Mirindi keki nitampelekea kwa Samsoni, lakini aihesabu vipande, lori lile lina panya wa miguu miwili.

Yamefika majarida matano. Nimeyatazama mpaka macho yameuma. Wewe umelaza chombo chako mkononi kama jembe, adabu tupu, na mimi nimefungua mdomo mpaka jino la dhahabu bandia linaonekana. Nimewapa watu wa zamu yangu Tonawanda. Msimamizi amelibandika pale tunapochukulia vizibo vya masikio. Nimempelekea na Kataliko. Akaliweka juu ya mizani ya dagaa, limelala chali, kila anayekuja kutuma fedha au kununua unga ananiona. Mama mmoja wa Bukavu akamuuliza, "Huyu analia ao anacheka?" Kataliko akamjibu, "Fungua ndani, usome."

Maana ameandika! Ukurasa wa thelathini na moja. Nimemwita binti wa jirani anisomee polepole. Mlio wa kwanza, Kostansia alilala chini, kwa sababu maisha yalimfundisha hivyo, na mpwa wake akamfunika. Kisha akainuka. Mistari hiyo tu. Hajaitia sukari. Ningempa alama nane kwa kumi, mbili nimekata kwa sababu amesema nina miaka sitini na mitano.

Na sasa nikuambie nilichokiona mimi, maana wewe ulikuwa juu yangu hukuweza kukiona. Kidevu changu kilikuwa kwenye majani. Nikafumbua jicho. Mbele yangu kikaanguka kipande cha udongo, rangi ya chungwa, kidogo kama ukucha. Miaka yote hii, Fides, nikisikia mlio nasubiri upande wa pili aanguke mtu. Sijawahi kuona kinachoanguka. Baba yako sikumwona akianguka, nilisikia tu. Siku ile ndiyo mara yangu ya kwanza kuona mlio ulichofanya, na ulikuwa umevunja kisahani. Hicho kipande ninacho. Kiko ndani ya Biblia, kimechafua Zaburi.

Sikwambii kwamba nimeipenda bunduki. Sijaipenda, na mhariri wako hata akipika keki mia hatanibadilisha. Nimekupenda wewe unavyosimama.

Mama mhariri amenitumia na bahasha ya barua za wasomaji. Wawili wamekasirika, wanasema jarida la kiangazi si mahali pa huzuni. Tisa wanashukuru. Mmoja ni mzee wa Ohio aliyepigana vita ujanani, anasema tarehe nne Julai huwa anashuka bezimenti na redio, anamwambia mkewe anapanga misumari. Nimecheka mpaka nikatoa machozi, halafu machozi yakaendelea yenyewe. Kumbe bezimenti za nchi hii zimejaa watu! Huyu anafua, huyu anapanga misumari. Nimemwambia binti wa jirani aniandikie jibu: Baba, shikamoo yako, mimi ni yule wa jalada.

Sasa juzi. Nilikukataza kwa simu usije tarehe nne, nikakata kabla hujauliza. Nilitaka nijaribu peke yangu, nikishindwa asinione mtu. Jua lilipozama nikashuka bezimenti, nikakaa. Ya kwanza ikalia. Nikaitazama mashine ya kufulia, nayo ikanitazama. Nikajisemea, Kostansia, hata nguo huna. Nikapanda ngazi, nikatoka mpaka barazani, nimeshika nguzo kwa mikono miwili. Watoto wa mtaa wamejaa barabarani, wa Kongo, wa Somalia, wa Burma, wote wanatazama juu. Fataki ikapanda inafoka, na kabla haijapasuka, sijui ni shetani gani au ni malaika, nikapaza sauti, "Vuta!"

Ikapasuka. Rangi ya chungwa, Fides!

Watoto wakageuka. Ikapanda nyingine, nikasema tena, "Vuta!" Ya tatu walisema nami. Ya kumi mtaa mzima unapiga kelele "Vuta!", hata yule jirani aliyepoteza gari, na mimi sikuwa tena barazani, nilikuwa katikati ya barabara na kitenge nimekifunga kiunoni. Hofu ilikuwepo, usidhani iliondoka. Kila mlio magoti yalikuwa yanataka kwenda chini. Lakini kelele zilikuwa zinawahi mbele yake, kama jiwe mbele ya ndege.

Nimeingia ndani nimekauka sauti. Nikaikuta simu yako mezani, imelia mara saba.

Kesi yako nimeisikia tangu mwaka jana, na safari hii nakujibu kwa ukweli: sikupokea kwa sababu nilikuwa nje.

Shangazi yako,
Kostansia